Verna Sundquist na Kamba ya Bwawani

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari 2025, Verna Sundquist anastaafu baada ya kuitunza Bustani ya Brickyard kwa miaka thelathini na minane. Nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ila roho inaniuma.

Kibao kipya pale langoni kinasema bwawa letu ni la asili. La asili wapi! Lilikuwa shimo la udongo wa matofali. Kiwanda kilipofungwa maji yakajaa yenyewe, na mwaka 1911 wananchi wakapanda miti kulizunguka na kujenga jukwaa la bendi lenye paa la shaba. Verna anayajua haya yote, lakini aliyeandika kibao hakumuuliza.

Alianza mwaka 1987 kwa kufagia jukwaa hilo. Miti ya njia kuu ilipokufa kwa ugonjwa, yeye ndiye aliyeipanda upya. Ndiye pia anayewasha jiko la kibanda ambamo watu huvalia viatu vya kutelezea juu ya barafu. Glovu zilizosahaulika huzitundika juu ya jiko, na ole wako uchukue isiyo yako.

Kila asubuhi ya baridi hutoboa barafu ya bwawa kwa keekee, akapima unene, kisha akafunga kamba yenye vitambaa vyekundu kuwazuia watu wasipite upande wa kaskazini, ambako chemchemi huilegeza barafu. Desemba, meneja wetu, Curtis Hale, akaamuru kamba iondolewe, eti inaharibu picha za tamasha letu la barafu. Verna akamjibu taratibu: "Curtis, chemchemi haijui kama leo tuna wageni." Akairudisha, akapewa barua ya onyo. Mara tatu!

Asubuhi ya tamasha, Curtis akaitoa kamba kwa mikono yake, akaendesha trekta mpaka juu ya barafu kusafisha theluji. Ikazama palepale. Verna akamvuta Curtis majini kwa kamba ileile, akamvua koti, akamkalisha karibu na jiko akitetemeka. Watoto wa shule walikuwa wafike kuteleza hapo baada ya saa moja.

Unadhani barua zimefutwa? Thubutu. Zimo kwenye faili lake, na kamba imefungiwa stoo.

Verna hakuomba keki wala saa ya ukutani. Aliomba aambiwe nani ataifunga kamba Jumatatu.

Basi nakujibu mimi, Verna. Ahsante kwa miaka yote hiyo. Kalale mpaka jua likuchome, umestahili. Jumatatu kamba itakuwepo bwawani, na barua ya onyo waandike kwa jina langu: Orville Tveit, mtunza miti.