Mashine Inaamka: Kumuaga Bi Kiguu wa Oda

Mwisho wa mwezi huu karani wetu wa oda anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha magodoro. Jina lake mnalijua, lakini huku ndani hatulitumii. Sisi humwita Bi Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na mwenyewe huitika. Nimeombwa mimi, fundi wa cherehani, nimwandikie, kwa kuwa ndimi niliyeipasua laptopu yake nikaiponya. Basi, si mimi hasa. Aliyepasua ni fundi wa kompyuta. Mimi nilishika tochi. Lakini tochi nayo ikishikwa ovyo, mgonjwa hufa.

Bi Kiguu aliingia hapa enzi za taipureta. Msimamizi wa wakati ule alimwonya kwamba ukarani ni kazi ya kukaa kitako. Alikubali akiwa amesimama. Amepokea oda za hospitali, za mabweni, za maharusi wenye haraka zao, na hakuna mteja aliyepelekewa godoro fupi kuliko miguu yake, isipokuwa bwana mmoja ambaye, tukisema kweli, kosa lilikuwa la miguu.

Kisha ikaja laptopu. Ilikuwa nzito kuamka kama kijana aliye likizoni. Ukiibonyeza asubuhi inaguna, inakwaruza, inazungusha kiduara chake, na wewe huku unazeeka. Bi Kiguu hakuwa na moyo wa kuitazama. Aliibonyeza, akasema, "Mashine inaamka," na huyoo, keshatoka.

Hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa, ingawa haimo katika mkataba. Alipita getini akamwambia mlinzi kwamba sweta amelivaa nje ndani. Alipita chumba cha kushonea akawapatanisha akina mama wawili, mashoga wa siku nyingi, waliogombea kiti chenye mto. Mimi alinikuta nyuma ya cherehani mbovu akaniuliza kama nimekunywa chai au nimekunywa hasira. Na ni katika kuzunguka huko aliposikia kikohozi cha mkata sponji. Sote tulikuwa tukikisikia, tukasema ni vumbi. Yeye alimganda kila asubuhi: "Kaka, umekwenda kupima?" Mwishowe akaenda, walau aepukane na swali. Akatibiwa. Leo yu mzima, na shibe yake inatutia hasara sote.

Mwaka jana oda zilizidi, wateja wakanung'unika, na fundi wa kompyuta akaitwa. Akatueleza kwamba ndani ya diski ya zamani mna kisahani kinachozunguka kama santuri, nacho kimechoka. Akatoa diski mpya, wenyewe huiita SSD, nyembamba kama biskuti, isiyo na kitu kinachotembea ndani yake. Mkata sponji akauliza kitu kisichotembea kitaelewana vipi na Bi Kiguu.

Kwanza diski mbili ziliunganishwa kwa waya ili kila kitu kihame: oda, vipimo, wateja wote. Kisahani kingegoma katikati, tungeanza kuuliza mji mzima nani aliagiza godoro gani. Bi Kiguu alitoka dirishani akaenda mlangoni, akarudi dirishani, hata fundi akamsihi, "Mama, unatutia kizunguzungu, mimi na diski." Kumbe na skrubu za laptopu ni ndogo kama chawa, bisibisi ya fundi haikuingia. Ndipo nilipotoa yangu, ile ndogo ya cherehani. Na tochi, kama nilivyokwisha kusema.

Laptopu ikafungwa. Bi Kiguu akabonyeza, akasema, "Mashine inaamka," akashika njia. Hakufika mlangoni.

"Imeshaamka, mama," fundi akamwambia.

"Imeshaamka?" Akasimama pale pale. "Sasa mimi niende wapi?"

Tulicheka. Tulicheka mapema mno.

Oda zikaanza kutoka kabla ya chai, na bosi akafurahi. Lakini mlinzi alishinda na sweta nje ndani, wale mashoga wakanuniana wiki nzima, na mimi nikawa nainua kichwa kila mlango ukilia, kumbe ni upepo. Yeye alikaa mezani. Nikaitwa kukaza mguu wa meza uliokuwa ukitikisika. Nikainama, nikakagua. Meza haikuwa na neno. Mguu ulikuwa wake.

Asubuhi moja akatokea chumba cha kushonea, mikono nyuma. "Mashine inaamka," akasema. Hakuna pale asiyejua kwamba mashine iko macho zamani, na hakuna aliyemsuta. Shoga mmoja akamsogezea kile kiti chenye mto, naye, kama kawaida, hakukikalia.

Uongo huo ametuletea kila siku hadi leo, moto moto. Karani mpya keshafika. Ni hodari, ni mpole, na anajua kukaa. Hapo ndipo roho yangu haitulii.

Dada, kiwanda kinakushukuru kwa oda. Sisi tunakushukuru kwa njia. Nenda kapumzike, ingawa sioni utakavyoweza. Tunakuombea afya, viatu imara, na majirani wenye subira.

Ila kuna jambo dogo: bisibisi yangu. Uliichukua siku ile ukasema kuna skrubu moja tu imelegea, na mpaka leo cherehani nazikaza kwa ncha ya kisu. Usimpe mtu ailete. Ilete mwenyewe, asubuhi, upitie getini kwanza. Wakikuuliza umefuata nini, jibu unalo.