Bi Mita wa Lango la Majitaka

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bi Mita, alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kisha chuo cha ufundi, msichana pekee darasani. Mwalimu alipomwuliza kama haogopi kuchafuka, alijibu, "Uchafu unaoshwa, mwalimu. Ujinga je?"

Mwaka 1987 aliajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Ulijengwa kwa watu elfu arobaini. Mji ukapita laki mbili. Mvua kubwa ikinyesha, pampu zilizidiwa, na mwenye zamu alilazimika kufungua lango la dharura, uchafu uende mtoni, la sivyo ungerudi majumbani kupitia vyooni. Kabla ya kufungua, Bi Mita alishuka bondeni akibisha hodi mlango kwa mlango: "Jamani, msichote maji. Nafungua." Tangu mwaka 2000 aliandika barua akiomba mabwawa mawili ya akiba ya kupokea majitaka yanayozidi. Jibu lilikuwa lile lile: linashughulikiwa.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1990 na dereva wa lori, aliyemtangulia mwaka 2012.

Aprili 2006 mvua ilimkuta peke yake zamuni. Hakuweza kuziacha pampu, akafungua bila kubisha hodi. Siku tano baadaye mtoto wa mdogo wake aliyeishi bondeni, binti wa miaka sita, alifariki kwa kipindupindu. Mdogo wake huyo, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alimwambia mbele ya waombolezaji, "Wewe ndiye uliyefungua." Miaka minne hawakusalimiana.

Mwaka wa tano Bi Mita alikuja na faili la barua zake. "Mdogo wangu, msamaha siuombi. Naomba saini." Mdogo wake alisaini, na bonde zima likafuata. Bwawa moja lilijengwa mwaka 2019. La pili lingali kwenye karatasi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 9 Novemba 2024, mchana, mvua ikipiga madirisha ya wodi, alimshika mdogo wake mkono.

"Wamefungua?"

"Hawajafungua, dada. Bwawa limetosha."

Akafumba macho, akakata roho kabla ya saa kumi. Lango lilikuwa wazi tangu asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja. Dada, pumzika. Mungu akupe amani tuliyochelewa kukupa.