Kinga Kali na Kinga Iliyolala

Vidole vya fundi cherehani vilivimba hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ndani ya treni alimweleza mzee aliyeketi naye kwamba kinga yake ya mwili ni kali kupita kiasi, inashambulia viungo vyake mwenyewe, na leo anaanza dawa mpya ya kuituliza.

“Yangu imelala usingizi wa pono,” mzee akasema. “Saratani inajenga ghorofa, yenyewe inakoroma. Naenda kuchomwa sindano ya kuiamsha.”

“Basi chukua yangu, babu.”

“Nipe nusu, mwanangu. Isije ikanila mimi ikaacha saratani.”

“Beba yote.”

“Nawe ukipata mafua?”

Fundi akacheka, maumivu yakasahaulika kidogo. Treni iliposimama kituo cha hospitali, walishuka wameshikana mikono, bado wakibishana juu ya ile nusu.