Mpaka Mtamba wa Mzee Salu Acheue

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Salu Mayige anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mawe ya chumvi ya mifugo, hapa Bariadi. Nilipangiwa kuandika kwa furaha. Nisameheni, naandika kwa hofu, na sababu mtaiona.

Alianza kama mfungashaji. Siku moja ng'ombe wa mteja wetu Masunga, wa Nyashimo, alikufa ghafla. Majirani walipompasua walikuta tumbo limejaa mifuko ya plastiki, na mmoja ulikuwa na nembo yetu. Ng'ombe alikuwa amefuata chumvi iliyobaki ndani. Salu ndiye aliyetumwa kwenda kutoa pole. Alirudi na ule mfuko, akauosha, akauning'iniza juu ya meza yake. Upo hadi leo, nami sijauzoea.

Tangu hapo akawa mbunifu wa vifungashio, na kila kikao alikitia mchanga kwa swali moja: "Na ng'ombe akila?" Tukambandika jina, Mzee Akila. Kwake kitu hakijakamilika mpaka ujue kitafia wapi.

Hakupatia kila mara. Aliwahi kubuni mfuko wa kitambaa cha pamba, ili akina mama wautumie tena nyumbani. Wakautumia kweli, wakashona foronya. Kumbe chumvi haikutoka yote. Kule Lamadi mbuzi wakawa wanaingia vyumbani kulamba mito ya watu. Sisi tulicheka mpaka machozi. Yeye alirudisha ghalani mifuko yote iliyobaki, akaanza upya.

Kazi yake ya mwisho ni kifungashio cha mabaki ya pamba yaliyoshikanishwa kwa uji wa muhogo. Ukikitupa, mvua inakiyeyusha. Ng'ombe akikila, kinasagika tumboni. Ndivyo tunavyoamini. Lakini Mzee Salu haamini kitu mpaka ng'ombe wake mwenyewe, kule nyumbani Migato, amekila. Safari hii alimpa mtamba mwekundu, aliyewekwa kwa ajili ya mahari ya mwanawe.

Mtamba alikila juzi. Asubuhi hii mkewe akapiga simu: "Baba Violeth, tangu jana hajacheua. Amesimama tu, hata majani hayatazami." Wafugaji mnajua maana yake: huenda tumbo limeziba. Mzee aliondoka na pikipiki kwenda Migato, shati la sherehe likiwa mwilini, na mpaka napeleka ratiba hii ya sherehe yake kuchapwa hajapiga simu.

Naogopa. Namwogopea mtamba, na zaidi nawaogopea ng'ombe wenu, maana chini ya kila kiti ukumbini tuliweka zawadi ya jiwe moja lenye kifungashio hicho. Mawe hayo tuliyaweka jana kwa mbwembwe, kabla ya kupata habari hizi.

Tafadhali, msiyachukue kwanza. Mzee Salu akiingia na kukaa kwenye kiti chake cha mbele, mjue mtamba amecheua. Pigeni vigelegele, na kila mtu aende na jiwe lake. Kiti hicho kikibaki kitupu, yaacheni palepale, hata kama meneja atawasihi.

Kesho kutakuwa na kikao bila yeye. Lile swali lake nitaliuliza mimi.

Asante, Mzee Akila, kwa kutuogopea miaka yote hii. Tunakutakia uzee wenye usingizi mzito, na zizi ambalo kila ng'ombe anacheua.

Zamda Hilali, Ufungashaji