Ganda Moja la Ndimu: Miaka Thelathini na Moja ya Verlyn Stordahl

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Wasifu huu ulitakiwa kutoka kwenye jarida letu la Septemba, na sasa ni Novemba, theluji imeshafunika ngazi za mlango wa nyuma. Mwanangu anaota meno, na kila nikikaa niandike nasinzia kalamu mkononi. Lakini Verlyn Stordahl si mtu wa kuagwa kwa mistari miwili.

Alistaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu hapa Lewistown, akahamia Oregon kwa binti yake. Alianza kwa kufagia. Alimaliza akiwa bwana wa chumba cha kuoshea, mahali ambapo maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa husafishwa kabla ya kujazwa baruti upya.

Zamani yalikuwa yakisuguliwa makavu, na vumbi lake lilikuwa na madini ya risasi, yale yanayodhuru ubongo wa mtoto. Verlyn ndiye aliyesema basi, tutaosha kwa maji. Majira ya baridi mazima alitafuta supu, ndivyo tunavyoyaita maji ya kuoshea. Alijaribu siki. Alijaribu sosi ya nyanya, na wiki nzima watu wakawa wanaulizana soseji ziko wapi. Alijaribu sabuni ya kufulia, povu likapita chini ya mlango mpaka ofisini kwa Darlene, mkuu wetu.

"Verlyn, unaosha shaba au unaoga?"

"Vyote, bosi. Nimebakiza mgongo tu."

Amonia hakuigusa. Hung'arisha upesi, alisema, lakini huipasua shaba, na ufa utakuja kujulikana siku mtu ameegemeza shavu kwenye bunduki. Mwishowe akatulia kwenye sabuni ya maji ya vyombo, pini ndogo za chuma, na ndimu ya unga kidogo sana, ya kuyatuliza maji ya kisima chetu yenye chokaa. Mpaka leo ndiyo supu yetu.

Nilipoanza kazi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Alinionyesha kiti cha dirishani, penye trei za kukaushia.

"Wewe utashika yaliyooshwa tu."

"Kumwaga supu naweza, mzee. Mikono ninayo."

"Mikono hata mimi ninayo. Wewe una abiria."

Nikakaa pale miezi mitano. Pipa la kuoshea lilizunguka na sauti yake ilikuwa kama mvua iliyoko ng'ambo ya kilima, inayokuja na haifiki. Maganda yaliingia meusi yakatoka ya dhahabu, nikayapanga juani, na mchana ukapita bila kunigusa. Wakati mwingine sikujua kama nimeamka au ninaota, mpaka Verlyn agonge trei kwa kidole. Junia alipozaliwa, Verlyn aliniletea sauti ya pipa aliyoirekodi kwenye simu yake, akaihamishia kwenye yangu. Mtoto aliisikia, akalala kama aliyefika kwao.

Alipoondoka aliniachia chumba na kadi moja ukutani: "Ganda moja la ndimu. Kifuniko kimoja cha sabuni. Maji mpaka kidole." Nilisoma, nikachukua ganda lililokuwa karibu, la bunduki, nikachotea ndimu ya unga. Shaba ikatoka na rangi ya waridi. Hapa kwetu husema imeona haya, na mwenye kuitia haya ni ndimu iliyozidi. Maganda elfu nne.

Darlene alisema wawindaji hawatatazama rangi.

"Mimi nimeitazama," nikamwambia. "Verlyn alisema ganda likiona haya, halitoki mlangoni."

"Verlyn yuko Oregon."

"Neno lake liko hapa."

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi niipatie supu kipimo chake, la sivyo chumba atapewa mwingine. Ndipo nikakumbuka kwamba Verlyn alichotea ganda dogo la bastola, lenye mpini wa waya, lililoning'inia msumarini. Msumari uko mtupu. Maganda ya bastola yako ya kila namna, nami sitabahatisha tena. Nadhani lake lilisafiri ndani ya mfuko wa koti.

Verlyn, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante. Umetuachia mapafu safi, na hakuna aliyewahi kuumia kwa ganda lililopita mikononi mwako. Mto wa huko uwe na samaki, magoti yako yakuhurumie, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Kwenye simu hupatikani, kwa hiyo nakutumia jarida hili kwa posta, nawe unitumie haya. Ganda lako lenye mpini wa waya. Neno moja, kama kifuniko cha sabuni ni cha chupa ya sabuni yenyewe au cha chupa yako ya kahawa. Sauti ya pipa, kwa kuwa simu yangu ilitumbukia kwenye supu na Junia ana siku tisa hajalala vizuri. Na karatasi moja: weka kidole chako juu yake, ukizungushie kalamu, kile ulichokuwa ukisimamisha juu ya maganda kupimia maji. Changu nimekijaribu. Ni kifupi.