Fundi Gazeti na Ua Lililokawia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, mwenzetu wa Hifadhi ya Mimea Mikavu atastaafu rasmi. Kwenye faili lake ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Fundi Gazeti, na mgeni akifika mapokezi akataja lile jina la kwenye faili, mlinzi humwambia hapa hakuna mtu kama huyo.

Jina la utani alilipata kwa kazi yake. Mmea ukiletwa kutoka porini hutandazwa ndani ya gazeti kuukuu, ukabanwa kwa fremu ya mbao, na kila asubuhi gazeti hubadilishwa mpaka mmea ukauke bila kupoteza sura yake. Amebana mimea zaidi ya elfu arobaini kwa mikono yake. Tatizo ni kwamba kila gazeti alilisoma kwanza, na mengi yalikuwa ya miaka ya nyuma. Wakati wa chai aliweza kutusimulia, kwa masikitiko ya kweli, mechi iliyochezwa miaka kumi na moja iliyopita, na mpokezi wetu, shabiki wa timu iliyofungwa siku hiyo, akaumia upya.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kama mfagizi. Katika wiki yake ya tatu alikuta jani moja kavu chini ya kabati. Badala ya kulizoa, alilitia kwenye bahasha, akaandika namba ya kabati na tarehe, akaiweka juu ya meza ya mtaalamu wa mimea. Mtaalamu huyo alikuwa mama mkali ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yetu. Kumbe alikuwa analitafuta jani hilo kwa siku nne. Hakumshukuru. Alimuuliza tu kama anaweza kutembea mwendo mrefu, na Jumatatu iliyofuata ufagio ukatafutiwa mtu mwingine.

Kwa miaka kumi na miwili wawili hao walipanda vilima na kuvuka mito pamoja. Shangazi aliyajua majani kama mama anavyowajua watoto wake kwa kikohozi. Alimfundisha kulaza jani moja kifudifudi na jingine chali ili pande zote mbili zionekane, na kuandika harufu na rangi papo hapo, kwa kuwa vitu hivyo haviwezi kukaushwa. Majina ya kisayansi Fundi Gazeti aliyakariri yote, akayatamka kwa lafudhi yake mwenyewe. Wataalamu waliotoka mbali walijaribu kumsahihisha. Walipoondoka nao walikuwa wanatamka kama yeye.

Katika mwaka wake wa sita kazini walikwenda kwenye bonde moja lenye kijito chembamba. Hapo, juu ya mwamba uliotiririka maji, Shangazi aliona mmea mdogo ambao hakuwahi kuuona: majani manene, chini yake manyoya laini, na vitunda vitatu vilivyokwisha kukauka. Ua hakuna. Alipiga magoti akautazama kwa kioo chake cha kukuzia mpaka dereva akaanza kuuliza kama kuna mtu ameumia.

“Bila ua siwezi kuupa jina,” alisema. “Tutarudi.”

Walirudi mara nne, miezi tofauti. Mara wamechelewa, mara wamewahi mno. Kabatini sampuli ile ilikaa na lebo isemayo “Haujulikani”, na kila aliyefungua kabati lile aliambiwa na Fundi Gazeti asiiguse.

Kisha ikatangazwa kwamba bonde litajengwa bwawa. Mji ulikuwa na kiu, foleni za ndoo zilianza alfajiri, na Shangazi mwenyewe alikubali kwamba watu lazima wanywe. Aliomba tu muda, na muda haukupatikana. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Safari ya mwisho, mwaka wa kumi na mbili, alibaki ndani ya gari kwa sababu hakuyaona tena mawe ya kukanyaga. Maji ya bwawa yalikuwa yameshafika nusu ya mwamba. Fundi Gazeti alivua viatu, akaingia mpaka kiunoni, akarudi na mashina matatu ndani ya kopo la biskuti, pamoja na udongo na kuvu zake.

Dereva wetu wa zamani hupenda kusimulia safari ile ya kurudi. Anasema aliendesha polepole mpaka walipofika lami. Hapo Shangazi aliweka mkono juu ya kopo, akasema, “Mwanangu, huu sasa ni wako.” Fundi Gazeti akaitikia, “Nimesikia, Shangazi.” Basi. Dereva anasema ameshuhudia ndoa zilizofungwa kwa maneno mengi zaidi na zikadumu muda mfupi zaidi.

Mimi nilifika hapa miaka mitatu baadaye kuchapa lebo, nikapewa meza inayotazamana na yake. Shangazi alikuwa ameshastaafu. Shina moja lilikufa kwa maji ya bomba, la pili kwa jua. Lile la tatu liliishi nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha tangi, juu ya jiwe. Fundi Gazeti alilitundikia chupa yenye tundu dogo ili maji ya mvua yadondoke taratibu, kama kijito kilivyofanya. Alikuja Jumapili na sikukuu kujaza chupa. Tulimtania kwamba analima mchicha wa watu wavivu. Mkurugenzi mmoja alipotaka pembe ile iwe maegesho ya magari, mmea ulihamia dirisha la choo cha wanaume, na kwa miezi minane wanaume wa ofisi hii walikatazwa kufungua dirisha hilo. Mke wa Fundi Gazeti, shemeji yetu mshonaji, aliwahi kuniuliza kwa utani kama huyo mke mwenzake wa ofisini hajambo.

Miaka ilikwenda. Mmea ulinenepa, ukatoa majani, haukutoa ua.

Shangazi alikuwa amepofuka kabisa, akiishi kwa mdogo wake wa kiume upande wa pili wa mji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Fundi Gazeti alivaa koti, akapanda basi, akaenda kumwona. Alinieleza kwamba mazungumzo yao yalianza hivyo hivyo kila mara.

“Umetoa ua?”

“Bado, Shangazi.”

“Haya, tunywe chai.”

Nilipomuuliza kama haoni uchovu kurudia jibu lile lile, alitikisa kichwa. “Ningeacha kwenda,” aliniambia, “angejua nimekata tamaa.”

Mwaka wa kumi na moja tangu safari ile ya kopo, asubuhi ya Jumanne yenye baridi, aliingia ofisini bila kusalimia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alisimama mbele ya meza yangu. “Dada, njoo.” Nyuma ya jengo, katikati ya majani, kulikuwa na ua moja dogo kama kifungo cha shati.

Habari ilifika juu haraka. Mkurugenzi wa wakati huo alisema ua libanwe mara moja, na kwa haki yake: bila ua lililokaushwa na kuhifadhiwa hakuna ushahidi, na ua lilikuwa moja tu. Likinyauka kabla, tumekosa yote. Fundi Gazeti, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kubishana na mkubwa, alisema kwa sauti ya chini, “Mzee, naomba nusu siku nimpelekee Shangazi. Likiharibika, barua ya kuacha kazi nitaileta mwenyewe.” Mkurugenzi alitazama saa, akatazama mmea, akatoa gari.

Nilikwenda naye kuandika. Fundi Gazeti alikaa nyuma, jiwe na mmea mapajani, na kila shimo la barabara alilipokea kwa kuinuka kidogo ili ua lisitikisike.

Shangazi alikuwa barazani. Alisikia hatua zetu akajua kwamba hiyo si Jumamosi. Hakuuliza. Alinyoosha mikono yote miwili mbele.

Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kukakamaa, hivyo alipomaliza kupapasa majani aliinama, akaligusa ua kwa mdomo wa chini. Akahesabu. “Petali tano. Ngoja. Nne, na moja imegawanyika.” Akaendelea: urefu wa kikonyo, manyoya, stameni, zile nyuzi za chavua, mbili ndefu na mbili fupi. Mimi naandika, Fundi Gazeti anathibitisha kwa kioo kile kile alichoachiwa naye.

“Rangi?” aliniuliza.

“Nyeupe, Shangazi.”

“Nyeupe ya nini? Ya maziwa, ya karatasi, au ya shati lililofuliwa mara nyingi?”

Nilitazama tena. “Ya shati.”

“Andika hivyo. Tutalisafisha baadaye.”

Ilipotimia saa sita alijiegemeza kwenye kiti. “Sasa libane, mwanangu.” Huyu mtu aliyebana mimea elfu arobaini alifungua gazeti la siku ile, akaushika mkasi, akauweka tena mezani. Shangazi alisikia mkasi ukigonga meza. Akaunyoosha mkono wake, akashika kifundo cha mkono wa mwanafunzi wake, na ua likakatwa hivyo, na wote wawili.

Shangazi alitaka mmea uitwe kwa jina la Fundi Gazeti. Yeye aliomba uitwe kwa jina la kijito kilichozama, ili kibaki kimeandikwa mahali. Makala ya kuutangaza mmea ilitoka na majina matatu ya waandishi, na la mfagizi wa zamani lilikuwa la pili. La tatu ni langu. Mpaka leo naona haya na fahari kwa pamoja. Mdogo wake Shangazi alimsomea makala yote, pamoja na orodha ya marejeo, kwa amri yake. Wiki sita baadaye Shangazi aliaga dunia.

Kwa miezi kadhaa baada ya msiba, shemeji alituambia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi mumewe alivaa koti, akafika kituo cha basi, akasimama, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu anakokwenda, na nyumbani hawakumuuliza.

Baada ya hapo alifanya mengi ambayo ripoti za mwaka zimeyataja: alipanga upya makabati mia mbili na sita, aliwashinda vidudu waliotaka kula mimea yetu ya majini, na alifundisha watumishi kumi na wanane kazi ya kubana. Wanne kati yao sasa wanaongoza hifadhi kama hii kwingineko, na bado wanampigia simu kumuuliza habari za unyevu.

Mwaka juzi mvua zilikosekana, maji ya bwawa yakashuka kuliko wakati wowote. Fundi Gazeti aliomba ruhusa ya siku moja. Alirudi na matope mekundu mpaka magotini. Nilimuuliza kama ameuona mwamba.

“Nimeuona.”

“Kuna kitu kimeota?”

“Hakuna. Mweupe kama mfupa.” Akavua viatu, akavigonga taratibu dirishani. “Nilikaa tu juu yake, dada. Nilimwambia Shangazi habari za ofisi.”

Alifungua kabati, akaendelea na kazi.

Juzi nilikuwa nasoma lebo mpya kwa sauti, kama ninavyofanya kila siku ili anisahihishe matamshi. Nilifika kwenye jina gumu, nikalitamka vibaya, nikasubiri. Ilipita dakika nzima ndipo nikakumbuka kwamba ametoka kwenda kusaini fomu zake. Nililirudia mwenyewe, kwa lafudhi yake.

Kaka, kwa niaba ya ofisi nzima tunakushukuru kwa mikono yako mipole na subira yako. Mwambie shemeji tunamrudishia mume akiwa mzima, isipokuwa magoti. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha asubuhi, na Jumapili ambazo ni zako mwenyewe. Meza yako haijapewa mtu. Ukipita njia hii usibishe hodi. Ingia tu, ukae, unisahihishe.