Mawe ya Madhabahuni

Basi la kutoka mji wa Sololá lilijaa hadi mlangoni. Candelaria, kikapu cha mayai mapajani, alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake mwanamke mwenye sketi ndefu ya kilokole alikuwa akimhubiria mama mmoja aliyekunja uso.

"Mwachie Mungu, dada. Ana kusudi lake."

"Nilimwachia. Mchungaji alisema kila mwenye mzigo aokote jiwe mtoni, aliweke madhabahuni, asiligeukie tena. Nikaweka la mwanangu Wilmer, aliyeshika njia ya Kaskazini kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka mwaka juzi, mpaka leo hata salamu."

"Ukapata amani!"

"Nilipata. Jumatatu nikakuta mawe yetu yote yamefukiwa kwenye shimo la langoni, gari la mchungaji lisikwame."

Candelaria alitaka kucheka, ila na jiwe lake mwenyewe lilikuwa shimoni humo humo.

"Hayo ni mawe tu, dada. Mzigo Mungu alishaupokea."

"Kama kaupokea, mbona bado naubeba mimi?"

Basi likasimama. Mama yule akainua furushi lake kwa taabu. Mlokole akamsaidia, akashtushwa na uzito.

"Makubwa! Umebeba nini humu?"

"Mwanangu. Nimetoka kumfukua pale langoni."